Chupa saba mezani

Wiki iliyopita bwana mmoja wa Kisauni alimwaga mfuko mezani kwangu. Chupa saba: vitamini C, vitamini E, zinki, seleniamu, koenzaimu Q10, na mbili ambazo hata mimi sikuzijua.

"Dakta, hivi vyote nameza ili tupate mtoto. Mwezi wa sita huu." Mkewe kimya, anakunja na kukunjua ncha ya buibui.

Sikumcheka. Waliomuuzia hawakuanzia patupu. Oksijeni ikitumika ndani ya seli huacha masalia makali, na mwili una vimeng'enya vya kuyazima. Masalia yakizidi uwezo huo, seli huanza kuharibika. Hali hiyo tunaiita msongo wa oksidi, na antioksidanti ni chochote kinachosaidia kuyazima.

Mbegu ya kiume huumia upesi. Utando wake umejaa mafuta ya jamii ya mafuta ya samaki, na sisi wa Pwani somo hili tunalijua kwa pua: mafuta ya nazi hukaa kabatini miezi na miezi, ya samaki hayachukui muda yakatoa uvundo. Oksijeni huyashika haya upesi kuliko yale. Tena mbegu ni kichwa na mkia tu, haina nafasi ya kuweka vimeng'enya vya kutosha. Utando ukiharibika, mkia hulegea. Masalia yakifika kichwani, hukatakata DNA. Mtafiti John MacLeod alionyesha tangu 1943 kwamba oksijeni nyingi hudhoofisha mwendo wa mbegu. Hata maabara nyingi za kutungisha mimba nje ya mwili leo hulea viinitete kwenye oksijeni ya asilimia 5, ilhali hewa tunayovuta ina karibu 21.

Sasa lile ambalo muuza chupa halisemi: mbegu inahitaji masalia hayo kidogo ili iive na iweze kupenya yai. Ukiyazima yote, umeizimia na kazi yake.

Na vidonge vilipopimwa kwa haki? Marekani, kwenye utafiti wa FAZST uliochapishwa 2020, wanandoa 2,370 waligawanywa: waume wengine walipewa miligramu 5 za asidi foliki na 30 za zinki kila siku kwa miezi sita, wengine kidonge kitupu. Waliopata mtoto ni asilimia 34 kwa dawa, 35 kwa kidonge kitupu. Waliomeza dawa walisumbuliwa zaidi na tumbo, na DNA ya mbegu zao ilikatika zaidi kidogo. Utafiti mwingine, MOXI, wa mwaka huohuo, ulichanganya vitamini C, E, seleniamu na vinginevyo. Nao haukuonyesha faida. Zipo tafiti ndogo zenye matumaini, lakini nyingi ni dhaifu, na mimi sitamtoza mtu pesa kwa matumaini ya namna hiyo.

(Akina mama, msinielewe vibaya: asidi foliki ya mikrogramu 400 kwa siku ni yenu, kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto. Hiyo msiache.)

Mimi huuliza kwanza moto unawaka wapi. Sigara? Maambukizi? Sukari? Joto? Bwana huyu anaendesha matatu kutwa, amekalia injini, na korodani zinataka ubaridi kuliko mwili. Muguka nao, majani anayotafuna, aliutaja mkewe, si yeye.

Nikamwambia asimame nimpime. Upande wa kushoto, juu ya korodani, mishipa ilikuwa imevimba, ukiigusa utadhani mfuko wa minyoo. Hali hiyo huongeza joto na masalia, na wengine husaidika kwa upasuaji mdogo. Miezi sita ya chupa, na hakuna aliyemwambia avue suruali.

Tumepanga apime tena shahawa baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kisha wiki kama mbili za kukomaa njiani. Vidonge asimamishe.

"Na hizi, Dakta?" akauliza, akinyooshea chupa mkono. "Mbili sijazifungua."

Mkewe akacheka, mara ya kwanza asubuhi ile. "Rudisha dukani. Risiti ninayo mimi."