Je, wajua kwa nini rubani wa traiki husukuma bomba kushoto anapotaka kwenda kulia?

Swali hili liliwahi kunitoa mahamri na mbaazi za watu watatu, kwa hivyo najua gharama ya kulikosea.

Tulikuwa barazani, Mji wa Kale, kahawa chungu imeshapita mara mbili. Mtoto wa ami alikuwa amerudi kutoka kujifunza kurusha traiki, na mikono yake ilikuwa bado inauma. Akauliza: "Ukitaka kwenda kulia, bomba unalipeleka wapi?" Nikamjibu kabla hajafunga mdomo: kulia, kwani kuna siri gani? Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba ukitaka kupanda juu unalivuta kifuani, kama ndege yoyote ile, na mwenye shaka aweke dau.

Nilikosea yote mawili.

Kwa asiyeijua traiki: ni kigari cha magurudumu matatu, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, injini na rafadha, yaani panga la kusukuma hewa, mgongoni. Juu yake kuna bawa la kitambaa lenye umbo la pembetatu, upana wake yapata mita 10 kutoka ncha hadi ncha. Mkia hakuna. Kigari kizima, na watu waliomo, kimening'inia kwa bolti moja katikati ya bawa. Kutoka kwenye bawa hilo inashuka pembetatu ya mabomba ya alumini, na bomba la chini, lililolala mbele ya kifua cha rubani, ndilo analolishika. Watu huichanganya na ndege nyepesi za michezo zenye mkia na fimbo, na si ajabu. Sheria ya Marekani ya 2004 iliziweka katika kundi moja: watu wasiozidi wawili, uzito usiozidi kilo 600, na leseni iliyoanzia saa 20 za mafunzo angani. Lakini kwa mikono ya mwanafunzi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kosa langu lilikuwa kudhani bomba ni usukani. Usukani ni kitu kinachotuma amri mahali pengine. Unazungusha hapa, magurudumu yanageuka kule. Fimbo ya ndege ya kawaida iko hivyo hivyo: ukiisukuma kulia, kamba za chuma zinapitisha amri hadi kwenye vibao vidogo nyuma ya mabawa, kibao kimoja kinainuka, kingine kinashuka, na hewa inafanya kazi iliyobaki. Nilidhani ndani ya pembetatu ya traiki mna kamba za namna hiyo. Hamna. Hakuna kibao hata kimoja cha kuamrishwa. Bomba ni sehemu ya bawa lenyewe, limefungwa nalo kama mguu wa meza ulivyofungwa na meza. Ukilishika, umelishika bawa.

Hapo ndipo mtoto wa ami alipoingia ndani, akatoka na henga ya nguo.

Fanya na wewe. Ishike henga kwa ile ndoano yake, mbele yako, mabega ya henga yakiwa ndiyo mabawa. Kwa kidole, sukuma ule upau wa chini kwenda kushoto. Bega lipi limeshuka? La kulia. Sasa, henga ikiwa vile vile mbele yako, sukuma upau wa chini mbele, mbali nawe, na ufikirie kuna pua ya bawa imetokeza upande huo wa mbele: pua inainuka. Vuta upau kifuani, pua inainama. Kwa hivyo bomba kushoto ni bawa kuinamia kulia, bomba mbele ni kupanda na kupunguza mwendo, bomba kifuani ni kushuka na kuongeza mwendo. Kila nilichokisema pale barazani, kinyume chake ndicho kweli. Nilikaa na ile henga muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu mzima.

Lakini henga inaficha jambo. Nyumbani, ndoano imeshikwa na vidole vyako. Angani hakuna vidole. Bawa limeshikwa na hewa peke yake, sasa kwa nini likubali kusukumwa?

Jibu ni kwamba mwanzoni halikubali. Bawa la traiki ni jepesi, kilo 50 hivi, lakini ni pana, na kitu kipana hakipendi kugeuzwa ghafla. Aliyewahi kuzamisha kasia majini akajaribu kulipigisha maji kwa upande wake mpana anajua ubishi wake. Basi ukilisukuma bomba kushoto, bawa linagoma kidogo, na kinachosogea ni wewe: kigari, abiria, injini na petroli vyote vinabembea kulia. Uzito wa mamia ya kilo, uliokuwa katikati ya bawa, sasa unaning'inia chini ya nusu ya kulia. Nusu hiyo inalemewa, inainama, na chombo kizima kinaanza kupinda kwenda kulia.

Watu wa pwani hawana haja ya kwenda mbali kulielewa hili. Tazama mashua zikishindana Lamu. Upepo ukililaza tanga, mabaharia wanatambaa nje kwenye ubao upande wa upepo, wakaning'inia juu ya maji, na chombo kinasimama wima. Hakuna aliyegusa usukani. Wamehamisha miili yao tu. Rubani wa traiki ni baharia wa ubao huo, isipokuwa yeye anafanya kinyume: hahamishi uzito ili chombo kisimame wima, anauhamisha ili kiiname.

Kuna walimu wanaolieleza jambo hili kwa henga, kwamba bawa ndilo linaloinamishwa, na wengine kwa mabaharia, kwamba mwili ndio unaohama. Nimesikia mabishano yake. Kwa ninavyoelewa, yote mawili yanatokea kwa pamoja, na kipi kinatangulia kinategemea bawa na kasi yenyewe. Mkono unahisi tu kwamba unasukuma kitu kizito.

Sasa, uzito peke yake hautoshi, na hapa ndipo patamu. Bawa kubwa lingekuwa zito mno kuinamishwa kwa mwili tu. Kinacholisaidia ni kwamba limelegea makusudi. Katikati yake, kutoka puani hadi nyuma, kuna bomba tunaloweza kuliita mkuku bila kuona haya, kwa kuwa kazi yake inafanana na ya mkuku wa chombo, ule mti mrefu wa chini ulio kama uti wa mgongo. Mkuku huu haukukazwa kabisa na mabomba mengine; una nafasi ya kuchezea kidogo kwa pembeni. Uzito ukihamia kulia, unauvuta mkuku kulia. Kitambaa cha upande wa kulia kinalegea, cha kushoto kinakazika.

Nahodha yeyote atakwambia kinachofuata. Ukiilegeza demani, ile kamba ya kukazia tanga, tanga linavimba, linapinduka ukingoni na kumwaga upepo. Ukiikaza, linashika. Basi nusu ya kulia inamwaga upepo na kupoteza nguvu ya kubeba, nusu ya kushoto inashika na kuinuka. Rubani amehamisha uzito kwa kiasi kidogo tu, bawa limejigeuza umbo likamalizia kazi. Na si kwamba linafanana na tanga kwa mbali: kitambaa chake aghalabu ni poliesta ya jamii ile ile inayoshonewa matanga ya mashua za kisasa. Ni kiasi gani cha kupinda kinatokana na uzito na kiasi gani na kulegea huku, hutofautiana kati ya bawa na bawa.

Historia yake niipitie mbio. Otto Lilienthal wa Ujerumani aliruka mara 2,000 hivi katika miaka ya 1890 kwa kurusha miguu huku na huku, akiwa ameshikilia bawa kwa mikono na kwapa. Miguu haifiki mbali; mwaka 1896 bawa lake liliacha kumbeba, pua ikaelekea chini, akafa kesho yake. Bawa la kitambaa kilicholegea lilitokana na Francis Rogallo na mkewe Gertrude, Wamarekani, mwaka 1948, na la kwanza kuruka vizuri, dogo la majaribio, lilishonwa kwa pazia la jikoni. Mwaka 1963 John Dickenson wa Australia akalitundikia pembetatu, mtu akaning'inia nyuma yake. Wapo wanaosema pembetatu hiyo ilikuwa na watangulizi, na kweli ilikuwa nao, lakini yake ndiyo iliyoenea. Injini na magurudumu vilifuata.

Kwa mwanafunzi, ugumu wa ukinyume huu unategemea alikotoka. Asiyewahi kugusa ndege yoyote huzoea upesi, eti kwa sababu hana la kusahau. Anayeteseka ni rubani wa ndege ya fimbo. Akiwa juu, ametulia, anafikiri kwanza na kufanya sawasawa. Hatari iko karibu na ardhi. Upepo ukimshtua, bawa la kushoto likashuka, mkono wake mkongwe unataka kwenda kulia, na bomba likienda kulia, bawa la kushoto linashuka zaidi. Au ardhi inamjia haraka, anavuta kifuani kama alivyozoea miaka yote, na pua inaielekea ardhi ile ile aliyokuwa akiikimbia. Ndiyo maana rubani mwenye saa nyingi za ndege ya kawaida naye hukalishwa na mwalimu kama mgeni.

Cha kuchekesha ni kwamba waendesha bodaboda wote wa Mombasa wanafanya jambo la jamii hii kila siku bila kujua. Pikipiki ikiwa na kasi, ili iinamie kulia, usukani huguswa kwanza kushoto kidogo. Mwulize dereva, atakataa katakata, na huku mikono yake inafanya hivyo kila kona kutoka Kongowea hadi Bamburi. Wilbur Wright, aliyekuwa akitengeneza baiskeli kabla ya kutengeneza ndege, aliliona hili kwa waendesha baiskeli, na nao walipoulizwa, mwanzoni walijibu kinyume.

Mtoto wa ami anasema siku za kwanza alilibana bomba kama mtu anayening'inia mlangoni mwa matatu. Traiki haina cha kuupunguza upepo njiani. Kila pigo la hewa linakuja mkononi moja kwa moja. Kwa hivyo walikuwa wakiruka alfajiri, kusi halijaamka na mchanga haujapata moto, na kufikia saa nne asubuhi chombo kimeshafungwa. Kuna na mipaka isiyochezewa: bawa hili linataka uzito uning'inie chini yake daima. Likipinduliwa, kamba na mabomba hayana uwezo wa kulirudisha, kwa hivyo michezo ya kupindukapinduka ni marufuku.

Nilipodhani nimeshaelewa yote, akaniuliza swali la pili, safari hii bila dau. Traiki iko ardhini, gurudumu la mbele linaongozwa kwa miguu. Ukitaka kwenda kushoto, unasukuma mguu gani?

Nikafikiri. Ndege ya kawaida, mguu wa kushoto. Nikasema basi hapa itakuwa wa kulia, kwa kuwa kila kitu chenu ni kinyume. Akacheka, akasema ni kweli, ila sababu si hiyo: gurudumu limefungwa moja kwa moja kwenye upau unaoukanyaga, kama vile vigari vya mbao tulivyokuwa tukiteremka navyo utotoni. Mguu wa kulia ukienda mbele, gurudumu linatazama kushoto. Mguu huo huo wa kulia ndio unaokanyaga mafuta.