Vidole vinatikisika, mkono umevunjika

Kila msimu wa karafuu Pemba, waangukao hawakosi. Mkarafuu hupita mita 10 na matawi yake hukatika upesi. Aliyeanguka hulazwa kivulini, kisha huambiwa: "Hebu tikisa vidole." Vikitikisika, wenziwe hushukuru: hakuvunjika, mshipa umeshtuka tu, akandwe.

Kosa hili linaniuma, kwa sababu limelemaza mikono ambayo ingepona. Ndani ya vidole hamna misuli. Misuli mikubwa inayovikunja imekaa kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, nayo huvivuta kwa kano ndefu, mfano wa mtu avutaye tanga kwa kamba. Shika kigasha chako kwa mkono wa pili, kisha ukunje ngumi, utaihisi ikikaza. Kamba zikiwa nzima, vidole vinaweza kutikisika na mfupa umeshakatika. Tena kigasha kina mifupa miwili: mmoja ukivunjika, mwenziwe unaweza kuushikilia mkono usipinde. Wa kukata shauri hapo ni eksirei, si vidole.

Na huo "mshipa" ni upi? Kwa neno hili twaita mshipa wa damu, wa fahamu, na kano pia. Vitu vitatu mbalimbali, na hakuna hata kimoja kinachofaidika kwa kukandwa juu ya mfupa uliovunjika. Ncha za mfupa ni kali. Ukizisukuma, zinachana nyama na kukata mishipa yenyewe.

Kufunga vijiti si kosa. Vijiti hutuliza mkono njiani kwenda hospitali. Kosa ni kukaza. Mkono uliovunjika huendelea kuvimba, na kitambaa hakitanuki. Vidole vikipoa, vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, legeza papo hapo na umkimbize mgonjwa hospitali, hata kama ni usiku. Msuli uliokosa damu hufa kwa saa chache tu, na mkono wa namna hiyo huenda ukakatwa.

Wengine hudhani dawa ya kupaka ndiyo iungayo mfupa, au plasta. Mfupa hujiunga wenyewe. Si jiti kavu: una damu, una uhai, na ndani ya uboho wake ndimo damu inamotengenezwa. Plasta kazi yake ni kuushika mahali pake usiungane kombo. Kigasha cha mtu mzima kwa kawaida huhitaji wiki 6 au zaidi. Cha mtoto hupona mapema. Supu ya mifupa anayoletewa mgonjwa ni tamu, lakini kalisiamu yake ni kidogo. Dagaa wanaoliwa na miiba yao wanayo nyingi zaidi.

Aliyeanguka akilalamika shingo au mgongo, msimketishe, wala msimpakate kwenye pikipiki. Mwacheni alale alivyo hadi upatikane ubao na watu wanne au watano, wamgeuze kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda sawa.