Tai chi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ni mazoezi ya wazee, hayana mapigano.

Ukiwaona wazee wa Beijing bustanini alfajiri, ni rahisi kuamini hivyo. Lakini tai chi, sanaa ya mapigano ya China, ilikomaa katika ukoo wa Chen, kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan. Mwasisi anayetajwa zaidi, Chen Wangting wa karne ya 17, alikuwa askari. Yang Luchan (1799–1872) alijifunza kijijini hapo, akaenda kufundisha walinzi wa kasri la kifalme Beijing, na watu wakamwita "Yang asiyeshindika". Mtindo wa Chen hadi leo una paochui, yaani ngumi za mizinga: kuruka, kukanyaga kwa kishindo, mapigo ya ghafla.

Dhana: Mwendo wa polepole ni wa kutuliza akili tu.

Hili ndilo linalopotosha zaidi. Ukienda mbio, kosa hujificha. Ukienda taratibu, bega lililokaza na uzito uliohama kabla ya wakati wake hujulikana papo hapo. Kisha huja kusukumana mikono: wawili hugusanisha vifundo vya mikono, kila mmoja akitafuta mwenzake anaegemea wapi. Anayekaza misuli amekwisha kujifichua, kwa kuwa mwenzake ameshajua nguvu inaelekea wapi. Fikra zikitangatanga hata kidogo, unayumba. Utulivu ule ndio silaha yenyewe, na kwa maoni yangu anayetenganisha tafakuri na mapigano hapa anapoteza vyote viwili.

Dhana: Ukijua mfuatano wa miondoko 24 unaofanywa bustanini, unaweza kujihami.

Hapana. Mfuatano huo ulitungwa na tume ya michezo ya China mwaka 1956 kwa ajili ya afya ya umma. Bila mwenzi wa kukusukuma na kukupinga, hujajifunza kupigana. Na hata kwa bingwa, ulingo si jambo rahisi: mwaka 1954, huko Macau, bingwa wa tai chi Wu Gongyi alipanda ulingoni dhidi ya Chan Hak-fu wa korongo mweupe, mtindo mwingine wa mapigano wa Kichina. Pua ya Chan ilitoka damu, pambano likasimamishwa raundi ya pili, mshindi hakutangazwa.

Dhana: Inaponya kila kitu.

Utafiti wa Oregon, Marekani, uliochapishwa 2012, kwa wagonjwa 195 wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa), ulionyesha kuwa waliofanya tai chi waliimarika katika usawa wa mwili na kuanguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Ugonjwa wenyewe haukuondoka, na dawa za daktari zinabaki palepale.