Valvu sili ni nini, na kwa nini gari linatoa moshi wa bluu asubuhi tu

Kama gari lako ukiliwasha asubuhi linafuka moshi wa bluu kidogo halafu siku nzima linakaa poa, kabla hujakubali kuambiwa injini imekufa inabidi ujue kwanza valvu sili ni kitu gani.

Iko hivi, valvu, yaani kimlango cha kuingiza hewa au kutoa moshi kwenye silinda, ina kichwa na mguu. Kichwa ndo kinaziba tundu la silinda, mguu ni ule mrefu unaopita ndani ya gaidi, yaani kale kabomba kanakouelekeza. Juu kwenye hedi, yaani kipande cha juu cha injini, kamshafti, ile shafti inayosukuma valvu, inaoga oili muda wote, chini kuna moto, na kati yao kuna kijikofia cha mpira cha kukaa kwenye ncha ya kidole, kimevishwa juu ya gaidi, chini ya springi, kina mdomo mwembamba unaobana mguu wa valvu ukipanda na kushuka. Hicho ndo valvu sili. Wengi wanadhani kazi yake ni kuzuia oili isipite kabisa, sio hivyo, inaachia utando mwembamba sana, maana mguu ukikauka unasaga gaidi.

Kinachoiua ni joto na umri. Mpira unapikwa miaka na miaka mpaka unakakamaa, ukiitoa ukaibonyeza na kucha inakatika kama ganda la yai badala ya kubonyea.

Sasa kwa nini asubuhi? Gari likilala, oili iliyobaki juu inachuruzika taratibu kwenye mguu wa valvu, ukiwasha inaungua ndo unaona lile wingu. Ishara nyingine ni mteremko mrefu, umeachia pedeli ya mafuta gari liko kwenye gia, injini inavuta hewa kwa nguvu na njia ya hewa imefungwa, kwa hiyo inanyonya oili kupitia gaidi za valvu za kuingizia, ukikanyaga tena anayekufuata nyuma anapotelea kwenye moshi. Usichanganye na ringi, yaani pete za pistoni: ringi zikiisha moshi unakuja zaidi injini ikifanya kazi ngumu, na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, inashuka. Valvu sili haihusiani na kompresheni kabisa, gari linaweza kula oili vibaya na bado lina nguvu zake zote. Kwa hiyo mwambie fundi apime kompresheni, ikiwa chini amwage oili kidogo kwenye tundu la plagi apime tena, ikipanda hapo ndo muanze kuzungumza habari za ringi.

Kubadilisha, kwenye injini nyingi si lazima ushushe hedi, na hapa ndo watu wanalipishwa kazi ambayo haikuhitajika. Shida ni moja, ukitoa springi valvu haina kitu cha kuishika, inaweza kudondokea ndani ya silinda. Mafundi wanajaza upepo wa kampresa kupitia tundu la plagi, au wanaingiza kamba laini humo humo, mkia wanauacha nje, halafu wanazungusha kranki, ile shafti kuu ya injini, kwa mkono mpaka pistoni iikandamize kamba kwenye valvu. Mimi kamba naipenda zaidi, upepo ukikata katikati ya kazi utalia. Springi inabanwa, vile vifungio viwili vya nusu duara vinatolewa na sumaku, sili ya zamani inang'olewa na plaizi, mpya inapakwa oili na kusukumwa mpaka ikae. Usiivishe hivi hivi, ncha ya valvu ina mifereji mikali inayochana ule mdomo, ivalishe kwanza ncha hiyo kafuniko ka plastiki. Na ziba matundu ya oili kwa kitambaa safi, injini ya valvu 16 ina vifungio 32 na kuna kimoja kiliniponyoka kikaenda zake kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, jioni nzima niko chini ya gari.

Springi ikiwa nje, tikisa mguu wa valvu kushoto kulia kabla hujavisha sili mpya. Mguu ukicheza sana basi gaidi imeisha, na hapo hedi itashuka tu, maana sili mpya juu ya gaidi inayocheza haikai muda. Kama mguu hauchezi, funga, washa, na usishtuke ukiona moshi bado siku ya kwanza, ni oili ya zamani iliyobaki kwenye ekzosi inamalizia kuungua.