Kabla Hujaileta Jaipur Sebuleni Mombasa

Picha ya sebule kwenye simu haionyeshi jasho. Mteja hunifungulia chumba cha kule Jaipur, India: mapazia mazito ya mahameli nyekundu, zulia la sufu kutoka ukuta hadi ukuta, kabati la mbao za mwembe lenye tausi aliyechongwa kwenye kila mlango. "Nataka hivi hivi, dada." Kinapendeza, sibishi. Ila Jaipur iko pembezoni mwa jangwa, na sehemu kubwa ya mwaka hewa yake ni kavu. Hapa kwetu unyevu hewani mara nyingi hupita asilimia 70, na bahari inatupulizia chumvi usiku kucha. Kihamishie chumba hicho Nyali uone. Masika yakiisha, mapazia yananuka uvundo, zulia limeota kuvu kwa chini, na kabati limeanza kumwaga unga.

Unga huo ni kazi ya fukusi. Mbao za mwembe zisipotiwa dawa sawasawa wadudu huzifurahia. Chungulia mguu wa meza utaona vitundu vya kupenya ncha ya sindano, na chini yake sakafuni kivumbi cha rangi ya krimu. Unafagia, kesho kipo tena. Mafundi wetu wanalijua hilo tangu zamani, ndiyo maana ukimtajia seremala wa hapa mwembe atakutazama kwanza, kisha akuulize kama huna hela ya mvule au msaji.

Mimi kazi yangu ni kupamba nyumba za watu, na mapambo ya Kihindi nayapenda kuliko mtindo mwingine wowote wa nje. Ninachowaambia wateja ni kwamba India ni pana. Tafuta ilhamu kwa Wahindi wanaotoka jasho kama sisi: Kerala, Goa, pwani ya Gujarat. Kerala kuna minazi, mvua za kumwaga, bahari na joto la kunata, na watu wake wamefikiri kwa karne nyingi namna ya kukaa nalo. Mbunifu majengo Laurie Baker, Mwingereza aliyehamia India na kufariki huko 2007, alijenga Kerala nyumba ambazo kuta zake za matofali zimeachwa matundu kwa mpangilio, upepo unapita na jua linachujwa. Vuka bahari kidogo hadi Sri Lanka, umtafute Geoffrey Bawa (1919–2003), ambaye nyumba zake huwezi kusema chumba kimeishia wapi na bustani imeanzia wapi. Andika majina hayo kwenye simu yako badala ya "sebule ya Kihindi" na utaona picha zinavyobadilika. Tena ukuta wa matundu hatuhitaji kuuagiza, kwani bloki za matundu zimejaa kwenye ngazi za maghorofa ya zamani ya Tudor na Makupa, na wafyatua matofali bado wanazitoa. Nimeshaweka ukuta wa namna hiyo kati ya jikoni na sebule mara nyingi, na hakuna aliyeurudisha.

Lakini kabla hata ya simu, nenda Mji wa Kale. Wazee walishatufanyia kazi ya kuchagua. Watu wengi hudhani Wahindi walikuja pwani hii na reli. Sivyo. Vasco da Gama alipofika 1498 aliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi Malindi, nao walikuwa wakisafiri na kaskazi na kurudi na kusi kama kawaida yao. Kwa hiyo ukitembea Ndia Kuu asubuhi, jua halijakaza, inua macho uzitazame roshani. Mabano ya mbao yaliyochongwa, vibao vya madirisha vilivyolazwa mshazari ili aliye ndani aone njia bila kuonekana na upepo uingie: mkono wa Kihindi umo humo wazi kabisa. Milango nayo ni vivyo hivyo. Ile yenye upinde juu ilishika kasi mwishoni mwa karne ya 19, na wanaoijua nakshi huutambua upinde huo kuwa ni wa Kihindi. Inasimuliwa kwamba huko India miiba ya shaba milangoni ilikuwa kinga dhidi ya ndovu wa vita. Kibokoni hakuna ndovu aliyewahi kubisha hodi, lakini njumu za shaba tumezipenda hadi leo.

Angalia pia kile ambacho wazee hawakukichukua. Ndani ya nyumba hizo ukuta ni mweupe wa chokaa, dari ni boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki nafasi kubwa, chumba ni chembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi. Katika wembamba huo hukuti makorokoro. Unakuta samadari moja kubwa, au kiti cha enzi, na zidaka ukutani zilizopangwa sahani na mabakuli ya Kichina. Kimoja kinazungumza, vingine vimenyamaza. Kwa vyombo hivyo vya Kichina, tenga saa moja uingie makumbusho ya Fort Jesus. Kuna mabakuli na vigae vya kutosha, na kuna vitu vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome 1697. Buluu ile juu ya weupe uliofifia ni rangi nzuri ya kuanzia kwa chumba chochote kinachotazama bahari.

Tuje kwenye vitambaa, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mahameli na poliesta nzito ziache. Pamba ndiyo inayokaa na sisi: inafulika, inakauka, inapumua. India ina pamba za kupigwa muhuri kwa mkono, na ninazozipenda zaidi kwa Mombasa ni ajrakh za Kutch, kule Gujarat. Rangi zake kubwa ni nili na wekundu wa mizizi, na michoro yake ya nyota na pembe iliyofungana inapatana na nakshi za milango yetu kana kwamba fundi ni mmoja. Familia nyingi za hapa asili yao ni Kutch, kwa hiyo usishangae jirani akikuambia bibi yake alikuwa nayo sandukuni.

Kujua cha mkono na cha mashine, kigeuze. Muhuri wa mkono unasukuma rangi mpaka nyuma, na ajrakh bora hupigwa pande zote mbili. Kilichotoka mashineni nyuma kimepauka. Kisha fuata mstari ambapo muhuri mmoja umekutana na mwingine. Utaona mchoro umepandana kidogo au umeachana kwa upana wa uzi. Kitambaa kisicho na kasoro hata moja kwa mita tatu, huyo ni mashine, na bei yake iwe ya mashine. Rangi za asili hutoka mwanzoni, kwa hiyo kiloweke peke yake kwenye maji baridi, kifue bila jiki, ukianike kivulini. Na usikitie dirishani panapopigwa na jua la alasiri, nili itakukimbia mwaka haujaisha.

Hapa leso zinaingia vizuri. Barabara ya Biashara ndiyo maktaba yangu ya michoro. Ile korosho unayoiona kwenye leso nyingi ilitoka Uajemi na Kashmir kwenye shali, mpaka Waskoti wa mji wa Paisley wakaanza kuiiga kwa mitambo yao katika karne ya 19. Leso ya korosho ikikaa karibu na kitambaa cha Kihindi chenye korosho, hata kama rangi hazifanani, macho yanaukubali ujamaa wao. Ukishona mito, mji wa leso ndio uwe uso wa mto na pindo uzungushie kando. Jina likate kwa uangalifu. Mtu mmoja alinunua leso kwa sababu ya rangi tu, akashonesha mito minne, na siku mkwe wake alipokuja kukaa ndipo akasoma ule mto unavyomsema. Soma jina dukani, bibie.

Chini, mkeka. Au busati la pamba, ambalo India wanalifuma vizuri sana na unaweza kulikung'uta nje na kulianika. Kwa mlangoni, zulia la makumbi ya nazi. Alappuzha, kule Kerala, ni mji uliojulikana kwa viwanda vya makumbi, na sisi kamba za makumbi hatujaanza leo, kwa hiyo kitu hicho kinafika nyumbani kama mgeni aliyeishi hapa zamani.

Shaba. Nyingi ya vyombo vya shaba vya India hutoka Moradabad, na ni vizuri, ila nenda dukani na sumaku ndogo mfukoni. Shaba halisi haishikwi na sumaku. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa, na kwa hewa ya Mombasa kutu itatoka kwenye maungio kwanza, chini ya mpini. Iliyopakwa vanishi inang'aa dukani, lakini vanishi ikianza kubanduka madoa hayatoki bila kuiondoa yote. Mimi nachukua isiyopakwa kitu. Inafifia, naisugua kwa ukwaju au ndimu na majivu, inarudi. Mrashi, chetezo, sinia na deli ya kahawa vikitumika kweli, havihitaji kutafutiwa rafu ya maonyesho.

Bembea ya sebuleni ndiyo kila mtu anaitaka sasa. Nyumba za Wagujarati wa hapa zilikuwa nayo muda mrefu: ubao mpana wa msaji, minyororo ya shaba yenye ndovu na tausi kati ya pingili, bibi amekaa anachambua mboga huku akijisukuma kwa kidole cha mguu. Ni samani bora kwa joto, kwa sababu inajitengenezea upepo. Ugumu wake uko darini. Nyumba nyingi mpya zimefunikwa jipsam, na nimesimama na fundi tukitazama juu: "Fundi, hii itabeba?" "Hii haibebi hata feni, mama. Lazima tutoboe mpaka kwenye zege." Ni kweli. Watu wazima wawili na ubao wanapita kilo 150, na wakianza kubembea uzito unaovuta kulabu unaongezeka. Kulabu zifungwe kwenye slabu ya zege au boriti ya chuma, kwa bolti, na kila kulabu iwe na uwezo wa kubeba mzigo wote peke yake. Kama unaishi ghorofa ya juu chini ya mabati, au nyumba kongwe ya boriti za mikoko, usitundike. Chongesha fremu ya kusimama. Acha kama mita moja wazi mbele na nyuma. Minyororo ya shaba tupu ni bora kuliko ya chuma iliyopakwa, kwa sababu ile ile ya kutu. Kwa ubao wenyewe, pita Akamba Handicraft kule Changamwe, au mchonga mbao yeyote unayemwamini, umwonyeshe picha ya mchoro unaoutaka. Mlango wa Ndia Kuu ukiwa ndiyo hiyo picha, ni bora zaidi.

Kuta. Kama nyumba yako ni ya mawe ya matumbawe, tafadhali usiipake rangi ya mafuta. Mawe hayo hunyonya na kutoa unyevu. Ukiyaziba, rangi itavimba malengelenge na kubanduka vipande vipande. Chokaa inaacha ukuta upumue, na kuvu haipendi ukali wake. Wanaotaka mng'ao wanaweza kutazama tadelakt ya Moroko, chokaa inayosuguliwa kwa jiwe na sabuni nyeusi mpaka inakataa maji; inafaa sana bafuni, ingawa kumpata fundi mwenye subira ya kuisugua ni kazi. Na zile sebule za kijivu za Ulaya ya Kaskazini, wenzetu wanazipamba hivyo wakilitafuta jua, sisi tunalikimbia. Kwenye flati nyingi za Bamburi nilizoziona, kijivu kile kinageuka rangi ya saruji isiyomalizwa.

Jambo la mwisho ni rahisi kuliko yote na halifanywi. Taa. Balbu zinazouzwa sana hapa ni nyeupe kali, zimeandikwa 6500K kwenye boksi. Chini ya mwanga huo shaba inakufa, wekundu wa ajrakh unakuwa kahawia, na hata mgeni anaonekana mgonjwa. Nunua za 2700K au 3000K, zenye mwanga wa manjano, zishushe ziwe za mezani na ukutani badala ya moja katikati ya dari. Fanya hivyo kabla hujanunua hata mto mmoja, ukae nazo wiki moja. Wateja wengine wakifika hapo wanaona sebule yao haikuwa na ubaya wowote, na mimi ninakosa kazi.