Vipimo Viko Safi, Mwili Bado Unauma: Kwa Vijana Waliokulia Kwenye Vipigo na Vitisho

Kampeni za Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, huleta kliniki vijana wa miaka 18 hadi 25 wenye bahasha za kaki zilizojaa majibu. Kipimo cha umeme wa moyo, safi. Ultrasaundi ya tumbo, safi. Widal, kipimo cha homa ya matumbo, imepimwa mara nne. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, wanameza mwezi wa tatu mfululizo, na bado tumbo linachoma, kifua kinabana, usingizi unakatika saa nane usiku. Nyumbani wameshaambiwa wanajifanya, au wamechezewa. Ukimuuliza kijana kwa utulivu kinachomwamsha ni nini, mwingine atakwambia ni komeo la geti. Zamani komeo hilo likilia, baba amerudi amelewa. Sasa anaishi mji mwingine, anayefungua geti ni mpangaji mwenzake, lakini moyo bado unaruka.

Huyo hajifanyi. Mtoto akitishwa, ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini na kotisoli: mapigo yanapanda, sukari inaongezeka kwenye damu, tumbo linasimamisha kazi. Hatari ikipita, mwili hutulia. Shida ni nyumba ambayo hatari haipiti. Mwili uliokaa tayari kwa vita miaka mingi, wakati ubongo bado unajengwa, huzoea kushtukia jambo dogo na kuchelewa kutulia. Ndiyo maana tunaona presha ya mapema, kichwa kisichoisha, utumbo unaosokota, na kinga ya mwili inayobaki imechemka bila maambukizi yoyote, sambamba na sonona, hofu na kiwewe. Halafu kuna pombe, sigara na bangi, ambazo kijana huzikimbilia ili apate kulala.

Utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda uliofanyika San Diego, Marekani, kati ya 1995 na 1997 kwa watu wazima zaidi ya 17,000 ndio uliofungua macho ya wengi. Ripoti yake ya kwanza, ya 1998, ilionyesha kwamba aliyepitia aina nne au zaidi za madhila utotoni alikuwa na hatari kubwa mara 4 hadi 12 ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, na maradhi ya moyo, mapafu na ini nayo yaliongezeka. Kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2009 uliowahoji vijana wa miaka 13 hadi 24 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Waliofanyiwa ukatili wa mwili walikaribia robo tatu, wa kike kwa wa kiume.

Hapo ndipo mtu husimama na kusema: "Mbona sisi tulichapwa na tukawa watu?" Kauli hii tunaijibu kila semina. Aliyepona malaria bila dawa hajathibitisha kwamba malaria haiui. Na sheria haikuacha jambo hili kwa hiari ya mzazi. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa au kumdhalilisha mtoto, na haikubali adhabu isiyolingana na umri wake na hali yake ya mwili na akili. Kifungu cha 14 kinataja faini isiyozidi shilingi milioni tano, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kwa upande wa shule, kanuni za mwaka 2002 zinaweka ukomo wa viboko vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Mwalimu anayechapa darasa zima kwa sababu ya kelele hana kanuni ya kumlinda.

Dodoso la maswali kumi la kuhesabu madhila ya utotoni, linalozunguka mitandaoni, lisikutishe. Liliundwa kupima makundi ya watu, na Anda mwenyewe na wenzake walionya mwaka 2020 kwamba alama zake zisitumike kumtabiria mtu mmoja. Anayepata sita anaweza kuwa mzima kuliko aliyepata mbili, hasa kama alikuwepo bibi, shangazi au mwalimu mmoja aliyemsimamia bila kuyumba.

Kituo cha afya kinatosha kuanzia. Kliniki ya afya ya akili haina maana ya kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Wengi hutibiwa na kurudi kazini siku hiyohiyo. Beba bahasha yako yote ili vipimo visirudiwe bure. Tutaangalia presha, wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, kwa kuwa tezi hiyo ikizidisha kazi nayo hukimbiza moyo. Kisha utaulizwa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likijibiwa kwa alama 0 hadi 3. Jumla ya 10 na kuendelea inahitaji tathmini kamili. Swali la tisa ni la mawazo ya kufa au kujidhuru: jibu lolote zaidi ya sifuri linazungumzwa palepale, hata jumla ikiwa ndogo. Kosa kubwa hapa ni mama kukaa pembeni na kumjibia kijana wa miaka 22. Ndugu asubiri nje.

Hulazimiki kusimulia yote siku ya kwanza. Sema tu, "Nilikua kwenye nyumba yenye vipigo," inatosha kwa kuanzia. Ushauri nasaha huenda mara moja kwa wiki, na wengi hukatisha mwanzoni kwa sababu ndoto mbaya huongezeka mambo yanapoguswa. Ndoto zikiongezeka, mwambie mshauri apunguze mwendo. Usipotee.

Dawa si lazima kwa kila mtu. Ukiandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona, kwa kawaida huanza na miligramu 20 asubuhi. Kichefuchefu na mahangaiko huja wiki ya kwanza, nafuu huanza wiki ya pili hadi ya nne, na hapo katikati ndipo watu wanapoitupa wakisema haifanyi kazi. Walio chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu wiki hizo, kwani mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Yakija, rudi siku hiyohiyo. Ukipona unaendelea nayo miezi 9 hadi 12, kisha inapunguzwa na daktari. Diazepamu ya kununua dukani kila jioni ni jambo jingine kabisa: inakulaza leo, na baada ya wiki chache hulali bila hiyo.

Unayotueleza ni siri, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini, au kuna mtoto mwingine anayeumizwa sasa. Hili la pili huwashtua vijana wengi, maana mdogo wao bado yuko kwenye nyumba ileile. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kuipeleka serikali ya mtaa, na kwa ukatili mzito nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Mtoto aliyebakwa apelekwe hospitali kwanza, ndani ya saa 72, ili dawa za kuzuia VVU zifanye kazi. Fomu ya polisi ya PF3 isicheleweshe tiba. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Unapopiga uwe na jina la mtoto, umri wake, mtaa, shule anayosoma, na nani anayebaki naye nyumbani mchana.