Ctrl na mshale wa chini havikufikishi mwisho wa shiti

Nimeletewa tena shiti ya Excel yenye jumla ya mauzo iliyopungua, na maelezo ni yale yale: "Nilibonyeza Ctrl na mshale wa chini, nikafika mwisho." Hukufika. Uliishia kwenye seli iliyo juu ya pengo la kwanza.

Excel haijui data yako inaishia wapi. Amri ile huteremka kwenye safu uliyosimama na kusimama kabla ya seli tupu. Karani akiacha kiasi wazi mstari wa 812, wewe unagotea 811 hata kama mauzo yanaendelea hadi 9,400. Ukishikilia na Shift ndiyo hatari zaidi, maana umechagua kipande ukiamini ni shiti nzima, na jumla inatoka bila onyo lolote.

Wengine hukimbilia Ctrl na End. Hiyo nayo hufuata eneo lililotumika, ikiwemo seli iliyopakwa rangi tu bila kuandikwa kitu. Unaweza kutupwa mbali sana chini ya data.

Mimi huanzia chini. Kwenye kisanduku cha jina, kile cha juu kushoto, andika A1048576, mstari wa mwisho kabisa tangu Excel 2007 (faili za zamani za .xls huishia 65,536). Bonyeza Enter, kisha Ctrl na mshale wa juu. Mapengo ya katikati hayakusumbui tena. Ila chagua herufi ya safu ambayo haiachwi wazi: namba ya risiti, siyo maoni. Na fomula iliyorudisha maandishi matupu itakusimamisha, kwani seli hiyo ina kitu ingawa macho hayakioni.

Mengine ni mepesi. Kisanduku hicho hicho kinakupeleka F5000 moja kwa moja. Ctrl na Backspace inakurudisha kwenye seli uliyoichagua, ukiwa umesogeza shiti mbali nayo. Ctrl na Page Down inafungua shiti inayofuata. Vichwa vya safu vigandishe kabla ya kuanza kazi, vibaki vikionekana unaposhuka.

Kuna wanaoshauri kujaza mapengo kwa sifuri ili mshale upite. Nimebadilisha msimamo juu ya hili zaidi ya mara moja, na bado sijatulia. Sifuri inasema hakuna kilichouzwa. Seli tupu inasema hakuna aliyeandika. Fomula ya AVERAGE huiruka tupu lakini sifuri huihesabu, hivyo wastani unashuka. Kwa sasa nayaacha mapengo. Nachagua safu ya kiasi, nabonyeza kitufe cha F5, kisha Special, Blanks, yote yanajitokeza kwa pamoja, nayapaka njano na kumrudishia karani mwenye risiti.